Ugonjwa Usio Wangu

Jumatatu, 12 Mei

Mabeseni manne leo kwa Mama Wairimu. Shuka sita, taulo, suruali za jeans za vijana wake, na lile blanketi la maruni ninalolichukia kuliko mtu yeyote duniani. Nililikamua nusu, nikalianika likichuruzika hivyo hivyo. Mama Wairimu aliona. Hakusema kitu. Miaka minne nafua katika ploti yake Kawangware na bado sijui akinyamaza anafikiria nini.

Nilitoka saa tisa. Kutembea mpaka nyumbani Lindi kulinichukua saa moja na nusu, zamani dakika hamsini. Makina nilikaa kwenye ngazi ya duka la sambusa, nikajifanya nafunga viatu. Viatu vyenyewe ni sandali, havina kamba.

Shingo. Mabega. Viwiko. Nyonga zote mbili. Magoti kwa ndani. Leo hata nywele. Najua nywele haziumi. Zinauma.

Jumatano, 14 Mei

Mume wangu Wycliffe amerudia wimbo wake. "Lakini si walipima wakasema huna kitu?" Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angesema kwa ubaya ningemjibu.

Walipima, ndiyo. Kliniki ya hapa chini wamenitibu taifodi mara nne na brusela mara mbili. Sijui kama niliwahi kuwa na hata moja. Eksirei safi. Damu safi. Kila karatasi safi ninayoleta nyumbani ni shahidi mwingine dhidi yangu.

Yeye ni fundi wa mbao, ana kibanda chake kando ya barabara pale Olympic. Anaamini kitu anachoweza kukipima kwa futi. Kitanda kikilia anajua ni msumari upi. Mimi nalia, anatafuta msumari, hauoni.

Binti yetu Ivy amepika ugali. Ana miaka kumi na mmoja. Ulikuwa na mabonge. Tuliula hivyo hivyo.

Jumatatu, 19 Mei

Sikuenda kazini. Nilituma ujumbe kuwa nina homa. Sina homa. Ningeandika nini?

Alhamisi, 22 Mei

Hospitali kubwa. Nesi wa kliniki alichoka na mimi akaniandikia barua. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikaitwa saa nane mchana.

Daktari ni msichana, rika la mdogo wangu wa mwisho. Nikajisemea basi, leo tena ni taifodi. Akaniuliza ninalala vipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia nalala, ila naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Akaniuliza kama nasahau. Nikamwambia juzi nilitia chumvi mara tatu kwenye sukuma moja, na shuleni jina la mwalimu wa Ivy lilinitoka nikiwa nimesimama mbele yake. Akasoma makaratasi yangu yote, ya miaka mitatu. Akanibonyeza hapa na pale, taratibu. Alipofika begani nilipiga kelele. Akasema pole. Kisha akasema, "Maumivu yako ni ya kweli."

Nililia. Nililia vibaya, na kamasi juu. Akaninyooshea karatasi ya chooni.

Jina ni fibromyalgia. Aliliandika kwenye kadi, nimelinakili herufi moja moja. Si mifupa, si damu, si kichwa kuharibika. Anasema mwili hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo, na wangu unazipeleka kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama redio ya jirani asiye na adabu. Hauui. Hauharibu viungo. Hauonekani kwenye damu wala eksirei, ndiyo maana karatasi ni safi. Haijulikani dawa ya kuumaliza. Lakini sauti inaweza kupunguzwa: kidonge kimoja jioni, kulala na kuamka saa zile zile, kutembea kidogo kila siku hata siku mbaya, na kupumzika kabla sijachoka, si baada.

Hapo nilicheka. Kupumzika kabla ya kuchoka, mimi, Lindi? Naye akacheka kidogo. Akasema basi niwe naandika kila siku ilivyokuwa. Nikamwambia naandika tangu darasa la saba.

Ijumaa, 23 Mei

Niandike vile ilivyokuwa, nisijidanganye hata humu.

Jana jioni nilimwambia Wycliffe. Jirani alikuwa anatazama mpira kwa kelele, na ukuta wetu ni bati. Nikasema wamepata jina, ni fibro, na kabla sijamaliza Wycliffe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Fibroids! Ai, Phanice, kwani si ungesema?"

Dada yake Rispa aliugua fibroids, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Watu wa nyumbani walimwambia mwaka mzima kuwa anadeka. Hata Wycliffe alisema hivyo. Kisha akapasuliwa, ukatolewa uvimbe wa saizi ya kiazi mviringo, na kila mtu akaona haya. Nadhani Wycliffe hajawahi kujisamehe kwa Rispa.

Basi uso wake ulibadilika. Sijui nieleze vipi. Ulilainika. Alikaa kitandani karibu nami, akanishika kisigino, mahali pekee ambapo hapaumi, ingawa hakujua hilo. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Leo asubuhi amebeba mitungi miwili ya maji kutoka bombani, mbele ya wanaume wote wa ploti. Miaka mitatu nimeungoja uso ule.

Nitamwambia Jumapili.

Jumapili, 25 Mei

Sikumwambia. Yeye ndiye aliyewaambia watu. Alimwambia Sista Jerida, kiongozi wa akina mama, na kumwambia Sista Jerida ni kutangaza kwa kipaza sauti.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, tunatoka kwa mstari wa salamu. Wa kwanza kutoka anasimama nje, wa pili anamsalimia kwa mkono na kusimama kando yake, hivyo hivyo mpaka mstari unafika kwenye choo. Kila mtu anamshika kila mtu. Na watu wetu wa mkoa wa Magharibi hawajui salamu ya kugusa tu. Wanashika, wanatikisa, mulembe, mulembe, yaani amani kwa lugha ya kwetu, wanatikisa tena. Mikono themanini. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikitokea mlango wa nyuma, na najua wanasema naringa.

Leo hawakuninung'unikia. Walinirudisha ndani, wakanikalisha, wakaniwekea mikono. Sita au saba, yote juu ya tumbo langu ambalo halijakosa lolote. Sista Jerida aliukemea uvimbe kwa jina. Uvimbe haupo. Nilisema amina.

Jumanne, 27 Mei

Akina mama wa kanisa wamepanga zamu. Jumanne mmoja anakuja kunifulia, Ijumaa mwingine. Mimi, mama fua, nafuliwa. Nilitamani kujificha chini ya kitanda.

Leo alikuja Josephine. Anauza omena pale kwenye kona, mtu wa maneno machache, kanisani hukaa benchi la mwisho. Kila siku amevaa sketi nyeusi na sweta amelifunga kiunoni, jua liwake au mvua inyeshe. Alifua sare za Ivy na shuka letu. Mara mbili aliacha, akaegemea ukuta, macho amefumba. Nilimuuliza kama yuko sawa. "Niko tu sawa, Mama Ivy. Wewe pumzika."

Nikapumzika. Naandika hili kwa aibu.

Alhamisi, 5 Juni

Ukweli wa ajabu: nina nafuu. Kidonge kinanipa usingizi. Siku ya kwanza kilinifanya mlevi mpaka saa nne asubuhi, sasa nimekizoea. Natembea kila siku mpaka Makina na kurudi, polepole, bila mzigo. Maji nabebewa. Nguo nafuliwa. Mabega yameshuka kutoka masikioni.

Yaani ninafanya kila kitu alichosema daktari, kwa sababu ya ugonjwa ambao sina. Ningesema ule nilio nao, nisingeweza kufanya hata kimoja. Nimeligeuza jambo hili kichwani siku nzima na kila upande lina meno.

Wycliffe ananiuliza kila jioni, "Tumbo liko aje?" Nasema afadhali. Nimekuwa mwongo hodari.

Jumatatu, 9 Juni

Nimerudi Kawangware. Habari ilifika kabla yangu, sijui kwa njia gani.

Mama Wairimu aliniita jikoni, akanimiminia chai, akakaa mbele yangu. Ana miaka sabini na kitu. Baba yake alilima mahindi hapo palipo na nyumba za wapangaji sasa. Si mwanamke wa kuzungusha maneno.

"Hizo fibroids ziko wapi?"

Nikashika tumbo. Nilishika juu mno, nadhani. Karibu na kitovu.

"Mimi nilitolewa," akasema. "Zikiuma unajikunja hivi. Wewe miaka minne unafua hapo nje, unashika shingo, unashika bega, unashika mkono. Siku hata moja sijakuona umeshika huko chini. Sasa unanidanganya mimi ama unajidanganya?"

Nikamwambia yote. Jina, redio, uso wa Wycliffe, mitungi. Ndiye mtu wa kwanza. 

Hakunisuta wala kunionea huruma. Alisema kuanzia leo blanketi zinaenda kwa dobi mwenye mashine. Zilizobaki nitazifua kwa asubuhi nne fupi badala ya siku mbili ndefu, na nikiona mwili unaanza nikae. Nilitaka kumbusu. Kisha akasema, "Na bwana yako umwambie. Mimi si bwana yako."

Mtu aliyeamini macho yake tu, bila karatasi. Nimetembea nyumbani nikiwaza kwamba alikuwa ameona muda wote. Na mimi nilidhani anahesabu blanketi ambazo sikukamua.

Jumapili, 15 Juni

Mambo yameharibika.

Mchungaji ametangaza kuwa mwezi ujao kuna madaktari wanaokuja kupasua wanawake wenye fibroids bila malipo. Kanisa letu limepewa nafasi nne. Majina yanapelekwa Ijumaa ya tarehe 27. Sista Jerida alisimama akasoma majina, na la kwanza ni langu.

Wycliffe alisimama. Wycliffe ambaye hajawahi kusimama kanisani ila kwa wimbo. Alishukuru kanisa, sauti ikamkatika, akakaa. Watu wakapiga makofi.

Nilikaa kama gunia.

Jumatano, 18 Juni

Baridi ya Juni imenikamata. Siku mbili kitandani. Shuka likinigusa mguu nalisikia kama brashi ya kufulia. Siwezi kufungua kifuniko cha chupa. Ivy alinifungulia bila kuuliza.

Nimepanga. Nitasema naogopa kisu. Watu huogopa kisu, hakuna wa kushangaa. Nitasema nimeamua kutumia dawa za kienyeji. Au nitaenda kupigwa picha ya tumbo kama wenzangu, picha itoke safi, na akina mama waseme ni maombi. Sista Jerida atafurahi kupita wote. Nitatoa ushuhuda. Ugonjwa wa uongo utapona kwa uongo na mambo yataisha.

Hilo la mwisho lilinipendeza. Nilijaribu hata maneno ya ushuhuda kwa sauti ya chini.

Kisha nikakumbuka kuwa nikishapona, mitungi inarudi kwangu. Nguo zinarudi. Na nikisema naumwa, Wycliffe atasema, "Lakini si ulipona?"

Jumapili, 22 Juni

Nilipita mstari wa salamu leo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nilijilazimisha. Karibu na mwisho nikafika kwa Josephine. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa jasho. Akasema mulembe, na kabla sijajibu akaanguka. Taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

Tulimbeba ndani. Sweta lilifunguka. Sketi ilikuwa imelowa damu mpaka magotini. Nyeusi haionyeshi, sasa najua kwa nini nyeusi.

Mmoja alikimbia kutafuta gari. Nilikuwa nimemshikilia kichwa wakati Sista Jerida alipoinama kunisemesha sikioni. Akaniambia Josephine ana fibroids mwaka wa tano. Alimwendea yeye Sista Jerida kimya kimya kuomba nafasi. Nafasi ni nne. Yeye ni wa tano. "Nikaona wewe bado una mtoto mdogo," Sista Jerida alisema. "Josephine wake ni wakubwa, anaweza kungoja."

Hospitali wamemwekea damu. Jioni tumeambiwa anaongea.

Mwanamke huyu amenifulia shuka.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi nilitaka kwenda kwa Sista Jerida moja kwa moja. Miguu ikanipeleka Olympic. Nikaona si haki Wycliffe alisikie barabarani.

Alikuwa anapiga randa ubao wa kabati. Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Kwamba sina fibroids. Kwamba sikuwahi kuwa nazo. Kwamba daktari alisema neno lingine, refu, yeye akasikia nusu, nami nikamwacha na ile nusu. Kwamba Josephine anavuja damu na jina langu limekaa juu ya lake.

Aliweka randa chini. "So una nini?"

Nikamwambia jina lote. Lilitoka vibaya. Nikalirudia.

"Na mbona hukunisahihisha siku hiyo?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu njiani, mengi tu, ya mpira na ukuta wa bati. Likatoka lile ambalo sikulitayarisha. "Kwa sababu ulinibebea maji."

 Akachukua randa, akaendelea na ubao. Nilisimama hapo, maranda yakianguka kwenye miguu yangu, nikamwona anapiga mahali pale pale mpaka nikajua ubao umeharibika. Nikaondoka.

Jumanne, 24 Juni

Sista Jerida. Alinisikiliza akiwa anakunja nguo zake za mitumba, na kila nguo aliikunja kwa hasira zaidi. "Yaani tumefunga na kuomba juu ya ugonjwa huna?" Nikasema ndiyo. "Mungu si wa kuchezewa, Phanice." Nikasema najua. Akalikata jina langu kwa kalamu mbele yangu, mara tatu, na kuandika la Josephine. Angalau hilo limekwisha. Anataka niwaambie akina mama mwenyewe, Alhamisi.

Wycliffe hajasema neno tangu jana. Amekula, amelala, amegeukia ukuta. Maji nimechota mwenyewe, mtungi nusu, safari nne.

Alhamisi, 26 Juni

Nimewaambia. Walikuwa kumi na wawili. 

Nilieleza vile daktari alivyoeleza, redio na yote. Kwamba si uvivu. Kwamba karatasi safi haimaanishi mtu haumwi. Kwamba siku nyingine naweza kufua mabeseni mawili na kesho yake siwezi kuchana nywele, na siku zote mbili mimi ni mgonjwa yule yule. Na kwamba niliwakosea wao, na Josephine zaidi, na sitafuti kisingizio.

Mmoja alicheka. Mwingine alisema huo ni uvivu uliosomeshwa Kizungu. Wengine wakatazama sakafu. Zamu za kufua zimekwisha, hakuna aliyetangaza, zimekwisha tu.

Nilipotoka, mama mmoja mzee alinifuata mpaka kwenye mtaro. Hakutaka kuonekana. Aliniuliza, "Na wewe, nguo ikikugusa inauma?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye miaka ishirini. Alidhani amerogwa na mke mwenzake. Nilimwandikia jina la ugonjwa kwenye kipande cha karatasi, na jina la hospitali ya daktari wangu. Alikiweka kifuani.

Jumapili, 29 Juni

Nilikwenda kanisani. Ningekosa leo ningekosa milele.

Kwenye mstari wa salamu walinipa ncha za vidole. Hakuna aliyetikisa. Kwa mikono yangu ilikuwa nafuu kubwa. Roho ndiyo iliyoumia.

Jumanne, 1 Julai

Siku ya nane ya hasira za Wycliffe. Anasema "chakula kiko wapi" na "funga mlango". Na Ivy anaongea vizuri, anacheka naye. Kwangu mimi ni ukuta.

Sijutii kusema. Ninajutia zile wiki nne, kwa sababu nilizipenda. Nilimpenda mwanamume yule aliyebeba mitungi, na sasa sijui kama alikuwa wangu au wa Rispa.

Nimemkasirikia pia. Niandike hilo. Nilimwambia ukweli miaka mitatu na hakuamini, nikamwambia uongo nusu neno akaamini papo hapo. Sasa anaudhika yeye.

Alhamisi, 3 Julai

Leo ilikuwa tarehe ya kurudi kwa daktari. Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeketi kwenye benchi, namba thelathini na moja, nikamwona Wycliffe anaingia na nguo za kazi, unga wa mbao kwenye nyusi. Sikuwa nimemwambia ni leo. Aliona kwenye kadi. Alikaa benchi lile lile, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mtu akaja akaikalia, mama wa watu, akatusimulia mambo ya figo zake hadi saa sita.

Tuliingia wote wawili. Daktari alimweleza tena, akamchorea mgongo na kichwa kwenye karatasi. Wycliffe alisikiliza kama anasikiliza mteja anayetaka kabati la ajabu. Mwishoni aliuliza swali moja tu.

"Sasa mimi nitajuaje kama anaumwa? Kama hakuna kipimo?"

"Utamuuliza," daktari akasema.

Wycliffe alingoja. Alidhani kuna sehemu ya pili. Hakukuwa na sehemu ya pili.

Njiani alitembea mbele yangu, kisha akapunguza mwendo.  Tulipofika Makina alisimama kwenye zile ngazi za sambusa, akasema tukae. Sijamwambia kuwa huwa nakaa pale.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi mbili Kawangware wiki hii. Mama Wairimu amenunua kigoda. Hakusema ni cha nani. Kilikuwa kando ya karo la kufulia nilipofika.

Wycliffe aliniuliza jioni, "Leo iko aje?"  Nilidhani anauliza kazi. Kisha nikaona anangoja.

Nikasema shingo na mikono. Akasema sawa. Ni hivyo tu.

Ijumaa, 18 Julai

Josephine amepasuliwa jana. Uvimbe sita. Yuko sawa. Nilimpelekea uji kwenye chupa. Nilimwomba msamaha, akanitazama kama asiyenielewa. "Si ulitoa nafasi," akasema. Nikamwambia nilichelewa kutoa. Akafumba macho. Sijui kama amenisamehe au alikuwa na usingizi wa dawa. Nitapeleka tena kesho.

Jumamosi, 26 Julai

Siku mbaya. Niliamka na maumivu, na ilijulikana mapema kuwa yatakaa. Wycliffe aliuliza, nikamwambia ni mbaya, mwili mzima. Akasema sawa. Akavaa kaptula.

Alichukua sare za Ivy, shati zake mbili na nguo zangu, akatoka nazo uani na beseni. Jumamosi uani kuna kila mtu. Nililala mlango ukiwa wazi, nikamwona mgongo tu. Anafua vibaya. Kola hazisugui. Povu jingi kuliko kazi.

Omondi wa nyumba ya pili alikuwa anapiga mswaki. "Niaje, fundi! Kwani umeolewa?" Watu wakacheka. Nilifumba macho. Nilijua kile ambacho mwanamume huambiwa baada ya hapo, na kile anachojibu ili wacheke naye.

"Mke wangu anaumwa," Wycliffe akasema.

"Ile ya tumbo?"

"Hapana. Ile haikuwa yake. Ana faibromalaria."

Wiki nne nilikaa na neno nusu mdomoni. Nilijiinua kwa kiwiko, kikauma, nikaita kutoka kitandani.

"Fibromyalgia."

Akageuka. Mikono ndani ya povu. Akalisema polepole, silabi moja moja, akakosea katikati, akalirudia tena mpaka likatoka. Kisha akamgeukia Omondi akamwambia lote.

Nikalala. Nguo zilichuruzika mpaka saa kumi.